Bajaji mbili au banda la machungwa?

*"Shikamoo Mwalimu. Nina eka sita za michungwa huku Muheza. Nilizinunua miaka minne iliyopita, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mashahidi. Msimu huu umenilipa, nina shilingi milioni 18 mkononi. Nafikiria mambo mawili: nijenge banda la kuchambulia na kufungashia hapo shambani, niachane na kuwauzia walanguzi machungwa yakiwa mtini, au ninunue bajaji mbili niziweke Tanga mjini kwa hesabu ya siku. Mdogo wangu yuko chuo anasoma uchumi. Ananiambia nchi maskini haziendelei kwa sababu ya utawala mbovu. Mimi namwambia hizo ni hadithi za wafadhili: Wachina wamekula rushwa na bado wamejenga, na hata hapa kwetu ukitoa chai kidogo mambo yanakwenda. Tena kila mwaka tunatangaziwa kuwa uchumi umekua. Nani ana haki kati yetu? Na hilo jambo linanihusu nini mimi mwenye michungwa?"*

Marahaba, ndugu yangu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka kidogo, maana hilo mnalobishania wewe na mdogo wako umekwisha kulijibu mwenyewe pale kwenye milioni 18. Una shamba, una zao, soko unalijua, na bado nusu ya moyo wako iko kwenye bajaji. Kwa nini? Bajaji ina matairi. Mambo yakiharibika unaiuza kesho asubuhi na fedha inarudi mfukoni. Banda likishajengwa halihami. Nadhani, na unisahihishe kama nakusingizia, kinachokutia wasiwasi ni ile karatasi ya mwenyekiti.

Basi hapo ndipo utawala unapoingia kwenye uchumi. Watu wengi wakisikia "utawala bora" huona semina, fulana na posho, na sikulaumu ukidhani ni hadithi za wafadhili. Mimi neno hilo nalivunja katika maswali ya kawaida kabisa. Nikiwekeana mkataba na mtu akanigeuka, nitampeleka wapi, na itachukua miezi mingapi? Ushuru wa mwaka huu ndio utakaokuwapo mwakani? Fedha ikitoka hazina, inafika shuleni au inaishia njiani? Anayenikalia faili langu ofisini anamwogopa nani? Majibu yakiwa mabaya, watu hawaachi kufanya biashara. Wanaifanya ile ambayo fedha yake inarudi haraka. Sisi wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, na kila mtu ana maelezo yake juu ya chanzo chake. Mimi nautumia kwa fedha. Nchi ambayo mtu hana uhakika na miaka kumi ijayo hujaa fedha ya waja leo waondoka leo: kuchuuza, kulangua, kununua kiwanja na kukiacha, bajaji. Vitu vinavyoongeza kipato cha taifa zima, yaani viwanda, mifereji, miti ya kudumu, maghala, vyote vinataka mtu akubali kusubiri. Mchungwa wa kubebesha tu unakusubirisha miaka mitatu minne.

Nikupe mfano wa hapa hapa, maana ndio niliokulia nao. Baba yangu alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kupondea majani ya mkonge, katika shamba moja njia ya Muheza. Nikiwa mdogo naziona singa, yaani nyuzi za mkonge, zimeanikwa kwenye waya, nyeupe, safu kwa safu, mpaka jua la saa saba likizipiga huwezi kuzitazama. Nilipofika sekondari, reli ya troli ilikuwa imeshamezwa na magugu, na siku moja tukakuta vipande vyake vimeng'olewa, vimekwenda kuuzwa chuma chakavu. Ukiuliza wazee, kila mmoja ana mchawi wake. Huyu atakwambia nailoni, yule atakwambia utaifishaji.

Wote wana sehemu ya ukweli. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche ikitokea Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka miche hiyo, kufikia 1964 tulikuwa tunazalisha zaidi ya tani 230,000 kwa mwaka, wa kwanza duniani. Bei ikaanza kuporomoka katikati ya miaka ya 1960, kabla hata ya Azimio la Arusha la 1967, kwa sababu kamba za plastiki zilikuwa rahisi. Hapo hakuna serikali ya kulaumiwa. Lakini plastiki haikuja Tanga peke yake. Ilikwenda Brazil pia, na Brazil ndiyo iliyokalia kiti chetu cha kwanza, wakati sisi kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa kwenye tani 20,000 hivi. Mpaka leo hatujafika hata nusu ya kile kilele.

Tofauti ilitoka wapi? Mmea wa mkonge ukishatoa mlingoti, lile shina refu la maua, unakufa. Miaka kumi na kitu umekwisha, lazima uwe umeshapanda mwingine. Sasa fikiria meneja wa shirika la umma wa enzi zile mashamba yalipokuwa yametaifishwa. Fedha za kigeni anazoingiza zinabadilishwa kwa kiwango cha serikali, ambacho kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa mbali sana na cha mtaani, kwa hiyo shamba halibaki na cha kununulia hata vipuri vya korona. Asipopanda mwaka huu, kilio kitasikika miaka mitano mbele, na yeye atakuwa ameshahamishwa. Akipanda, anayevuna sifa ni mwingine. Kwa nini apande? Hakuwa mwizi, wala hakuwa mjinga. Aliwekwa mahali ambapo kufikiria mbali hakukuwa na maana. Na usidhani nakuambia kuwa cha serikali ni kibaya na cha mtu binafsi ni kizuri. Mashamba yalipobinafsishwa, baadhi ya walionunua waliyaacha yakawa msitu, hati mkononi wakisubiri bei ya ardhi ipande, na kwa muda mrefu hakuna aliyewauliza kitu. Hapo pia ni utawala.

Nje ya Tanga jambo hilo limeonekana kwa upana zaidi. Mwaka 1999 mchumi Dani Rodrik alitazama nchi zilizokuwa zinakua vizuri kisha zikaanguka baada ya misukosuko ya miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei. Zilizoanguka vibaya zaidi ni zile zenye migawanyiko mikubwa na vyombo dhaifu vya kusuluhisha ugomvi wa nani abebe hasara. Kwa maneno mengine, bahari ikiwa shwari hata ngalawa mbovu inafika. Kusi ikivuma ndipo unajua fundi alikuwa nani.

Sasa chai. Unasema ukitoa kidogo mambo yanakwenda, na kwa siku ile moja, kwa faili lile moja, sikatai. Kosa liko kwenye kudhani kuwa foleni ilikuwapo kabla ya chai. Foleni nyingine inatengenezwa ili chai ipatikane. Wachumi Daniel Kaufmann na Shang-Jin Wei walipochunguza makampuni ya nchi nyingi mwishoni mwa miaka ya 1990, waliona kuwa makampuni yanayotoa rushwa zaidi ndiyo yanayopoteza muda mwingi zaidi na maofisa. Kama rushwa ingekuwa mafuta ya kulainishia, ingekuwa kinyume chake. Ofisa akishajua kuwa wewe unatoa, wewe ndiye utakayeambiwa "rudi kesho".

Niliwahi kupanda lori la machungwa kutoka Muheza kwenda Dar es Salaam, nimekaa katikati ya dereva na tingo. Dereva alikuwa na noti za elfu mbili mbili amezikunja vidogo kama hirizi, amezipanga kwenye kikopo cha plastiki chini ya usukani. Nilihesabu tuliposimamishwa mara saba. Mara tatu tulipewa stakabadhi. Zile nne nyingine, kikopo kilipungua. Nilipomuuliza kwa nini hasemi jumla ni kiasi gani ili mwenye mzigo ajue, akanijibu: "Mzee, ningeijua jumla ningekuwa tajiri. Haijulikani." Hiyo "haijulikani" ndiyo inayoua. Kodi ya asilimia fulani unaipigia hesabu, unaiingiza kwenye bei. Kitu kisichojulikana huwezi kukiingiza popote, kwa hiyo mlanguzi anashusha bei yako mtini ili ajilinde. Wewe unayesema chai ni kidogo, umeshailipa yote kwenye bei ya chungwa.

Kuna uchunguzi wa Aceh, Indonesia, ambako watafiti walipanda malori kama nilivyopanda mimi, ila wao kwa safari 304, wakashuhudia malipo haramu zaidi ya 6,000. Piga hesabu, ni kama ishirini kwa safari moja. Walichoniachia mimi si hiyo idadi. Ni kwamba baada ya makubaliano ya amani, askari wengi walipoondolewa barabarani, wale waliobaki walipandisha bei yao. Kila kizuizi kilikuwa kinakata kipande chake bila kujali cha mwenzake, na vizuizi vilipopungua, kila kimoja kikaona kuna nafasi ya kukata zaidi. Jumla ya malipo ilishuka, lakini si kwa kiasi ambacho ungetegemea. Ndiyo maana kufukuza watu wawili watatu peke yake hakutoshi, hata kama kunafurahisha kwenye taarifa ya habari.

Kwa Wachina, hapo mdogo wako asikimbilie kukupinga. Una hoja ya kweli. China ilikua kwa kasi tangu mageuzi ya 1978 huku rushwa ikiwapo, tena kubwa. Lakini tazama ilikuwa rushwa ya aina gani. Kiongozi wa mkoa alipandishwa cheo kwa sehemu kubwa kutokana na ukuaji wa uchumi wa eneo lake, kwa hiyo alikuwa na faida kiwanda kikisimama na kufanya kazi, naye akila pembeni. Hakuwa na faida kukila kiwanda chenyewe. Mwenye kiwanda naye alijua anamlipa nani, na kwamba akishalipa amemaliza. Huo ni ufisadi, sitaupamba, ila ni ufisadi unaotabirika. Wa kikopo cha yule dereva hautabiriki. Indonesia ya Suharto nayo ilikua zaidi ya miaka thelathini kwa mtindo unaofanana na huo, watu wakiwa wanajua mlango ni mmoja. Mwaka 1998 ulipokuja msukosuko wa fedha wa Asia, benki zilizokuwa zimekopesha jamaa na marafiki zikaanguka, na uchumi ukanywea kwa asilimia 13 hivi ndani ya mwaka mmoja. Mzee mwenyewe akaondoka mwaka huo huo.

Na mdogo wako naye umrudishe kidogo. Atakutajia Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson, waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2024 kwa kazi yao juu ya taasisi na ustawi wa mataifa. Kazi kubwa hiyo, lakini takwimu walizotumia zimepingwa na wenzao wengine, na mabishano hayajaisha. Tena mshale unakwenda pande zote mbili: nchi ikishapata fedha inaweza kulipa mahakimu vizuri, kuweka kompyuta, kufundisha wakaguzi. Hata vipimo vya utawala vya Benki ya Dunia, ambavyo takwimu zake zinaanzia mwaka 1996, kwa sehemu kubwa vinatokana na maoni ya watu, na mtu akiona barabara nzuri ni rahisi kusema serikali ni nzuri. Kwa hiyo akikwambia "utawala kwanza, ukuaji baadaye" kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa, mwambie asome zaidi.

Mahali ambapo hoja yake ina nguvu ni kwenye mali ya asili. Botswana ilipata uhuru mwaka 1966 ikiwa na kilomita 12 tu za lami. Mwaka uliofuata almasi ikagunduliwa Orapa. Sierra Leone nayo ilikuwa na almasi. Botswana ikaweka haki ya madini mikononi mwa taifa badala ya kabila moja moja, ikaingia ubia wa nusu kwa nusu na kampuni ya almasi ya De Beers, ikawa inaweka akiba. Sierra Leone ikaishia kwenye vita, 1991 hadi 2002, na almasi ndiyo iliyonunua silaha. Jiwe ni lile lile. Lakini hata Botswana si hirizi: soko la almasi lilipodorora, mwaka 2024 uchumi wake ulisinyaa, kwa sababu utawala mzuri haukuwaondolea utegemezi wa zao moja. Wewe mwenye michungwa mitupu ungelielewa hilo kuliko wasomi wengi.

Kuhusu tangazo la kila mwaka kuwa uchumi umekua, si uongo. Ni wastani wa nchi nzima, migodi na mabenki yakiwamo, na wastani hauingii nyumbani kwa mtu.

Sasa turudi kwako. Utawala haushuki wote kutoka Dodoma. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa umma kwa mradi unaojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na ikanunuliwa. Mtu hakupi fedha ya miaka kumi kwa sababu maji ni muhimu. Anakupa kwa sababu hesabu zako zimekaguliwa na ankara zako zinalipwa. Bomba la maji la Tanga na banda lako la Muheza yana shida moja, kumfanya mwenye fedha asubiri.

Na kijijini kwako kuna chombo ambacho watu wanakidharau: mkutano mkuu wa kijiji, ambako mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa kila baada ya miezi mitatu. Unajua Uganda walichokigundua? Katika miaka ya 1991 hadi 1995, kwa wastani shule za msingi zilipata asilimia 13 tu ya ruzuku ya matumizi waliyotumiwa kutoka serikali kuu. Serikali ikaanza kutangaza magazetini ni kiasi gani kimetumwa, na shule zikatakiwa kubandika walichopokea. Baada ya miaka michache kilichofika kilipanda hadi zaidi ya asilimia 80. Wapo wanaosema magazeti yanapewa sifa kupita kiasi, kwamba na mageuzi mengine yalisaidia, na huenda ni kweli. Lakini mzazi anayejua kilichotumwa anauliza swali tofauti na asiyejua. Nawe ujue cha kwako: ushuru wa mazao kisheria ni wa mnunuzi, na tangu mabadiliko ya 2017 mzigo usiozidi tani moja ulisamehewa ushuru unapotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Ukidaiwa, dai stakabadhi na uulize ni kwa kifungu gani. Kwa upole tu.

Milioni 18 zako ningezigawa. Usijenge banda la zege juu ya ardhi yenye karatasi ya mashahidi. Karatasi hiyo inaonyesha kuwa mliuziana. Haionyeshi kuwa halmashauri ya kijiji iliridhia, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hilo ndilo linalotazamwa. Fedha ya kwanza iende kwenye hati ya hakimiliki ya kimila. Si benki zote zinaipokea kama dhamana, nisikudanganye, lakini inakutoa kwenye wasiwasi wa mtoto wa muuzaji kuja miaka kumi baadaye kusema baba hakuwa na haki ya kuuza. Wakati unasubiri, simamisha banda la nguzo na mabati ya kufungua, lisilo na msingi, ujaribu kuchambua na kufungasha msimu mmoja uone kama wanunuzi wa Dar au wa ng'ambo ya Horohoro, mpakani na Kenya, wanaongeza bei kweli. Bajaji moja, kama roho inakuuma, haina ubaya. Mbili hapana, utakuwa dereva wa mawazo, kutwa unapiga simu kuuliza hesabu iko wapi.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kama kuna ndugu wa muuzaji ameshaanza kunung'unika, au mpaka una mgogoro, au hukumbuki kama muuzaji alikuwa na mke aliyeridhia, muone wakili au msaidizi wa kisheria ana kwa ana kabla hujachimba hata shimo la nguzo. Ukiombwa chochote kisicho na stakabadhi ili faili lako litembee, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113, lakini kufika ofisini kwao na kueleza uso kwa uso ni bora zaidi. Na kwa magonjwa ya michungwa, afisa ugani wa kata, si mimi.

Ukienda ofisi ya ardhi ya wilaya, beba ile karatasi ya mauziano pamoja na nakala, kitambulisho chako, na majina ya majirani wote mnaopakana. Kwanza pitia kwa mtendaji wa kijiji umwombe akutafutie muhtasari wa kikao cha mwaka ule uliponunua. Kama haupo, omba suala lako lipelekwe kwenye kikao kijacho, nawe uhudhurie. Nenda kabla ya masika. Mvua ikishachanganya huko Muheza, hakuna mpimaji atakayekubali kuingia shambani na viatu vyake.